Keria ya Nyuma ya Land Rover: Tuifunge Vipi?

UFUNDI WA KIJIJI



Mwezi huu tunajibu swali la kikundi cha wakulima wa Endabash, wilaya ya Karatu. Wakulima hao wamechanga fedha, wakanunua Land Rover kuukuu. Wamepata pia keria ya chuma iliyotoka ng'ambo. Keria hiyo haikai juu ya paa. Inachomekwa nyuma ya gari, pale mahali pa kufungia tela. Lakini mkia wa keria haukubali kuingia. Wanauliza: "Je, tunaweza kuirekebisha ili ikae kwenye gari letu?"

Jibu ni hili: ndiyo, inawezekana. Fundi mwenye mashine ya kuchomelea anaweza kuifanya kazi hiyo. Lakini keria ya nyuma ina hatari zake. Ikifungwa vizuri inasaidia. Ikifungwa vibaya inaweza kuua. Basi tusome taratibu, tuelewe kwanza, ndipo tushike vyuma.

KOSA LANGU MWENYEWE

Kabla ya kueleza kazi, nitawaambia kosa nililolifanya mimi. Miaka mingi imepita, lakini sijasahau.

Jirani yangu alikuwa na Land Rover ya kubeba watu na mizigo kwenda Karatu. Siku moja aliniletea keria kama hiyo yenu. Mimi nilikuwa kijana, nina mashine mpya ya kuchomelea. Sikupima kitu. Nilikata ndoano ya tela. Kisha nikachomelea mkia wa keria moja kwa moja kwenye chuma cha nyuma cha gari. Kazi ilikwisha kabla ya saa sita mchana. Nilijiona fundi hodari.

Kesho yake tulipakia magunia 3 ya maharage juu ya keria. Kila gunia lilikuwa na kilo 100. Ilikuwa wakati wa masika, na udongo wetu mwekundu ulikuwa unateleza kama sabuni. Abiria 6 walikaa kwenye mabenchi ya nyuma. Mmoja wao alikuwa mama mjamzito. Uchungu ulikuwa umemwanza usiku, naye alikuwa anapelekwa hospitali. Mimi nilikaa mbele na dereva.

Tulipofika kwenye mteremko, usukani ukawa mwepesi. Dereva alikata kona, lakini gari likaenda moja kwa moja. Tukaingia korongoni. Pua ya gari ilipoanza kupanda upande wa pili, keria ikapiga ardhi. Mkia ukapinda kwenda juu. Magunia yakagandamiza mlango wa nyuma.

Gari lile lilikuwa na mlango mmoja tu kwa watu wa nyuma. Mlango huo haukufunguka.

Yule mama alikuwa analia ndani. Sisi tulikuwa nje, matope mpaka magotini, tunavuta magunia. Tulikata kamba kwa panga. Tulipinda keria kwa mtaimbo. Tulitumia karibu nusu saa. Mlango ulipofunguka, kina mama walimshusha mwenzao, wakamzungushia kanga kando ya njia. Mtoto alizaliwa pale pale. Tunamshukuru Mungu, mama na mtoto walikuwa wazima.

Lakini mume wa yule mama alinitazama, akaniuliza neno moja tu: "Fundi, mlango huo uliuziba kwa ajili ya maharage?"

Sikuwa na jibu. Ndiyo sababu naandika habari hii leo.

GARI NI KAMA MKOKOTENI

Kwa nini usukani ulikuwa mwepesi? Kila mkulima mwenye mkokoteni wa ng'ombe anajua jibu, ila hajalitia katika gari.

Pakia mkokoteni wako vizuri, mzigo uwe juu ya ekseli, umeegemea mbele kidogo. Ng'ombe watavuta bila shida. Sasa sogeza magunia yote nyuma ya ekseli. Kitatokea nini? Ule mti wa mbele utainuka. Nira itawakaba ng'ombe shingoni. Hawataweza kuvuta vizuri wala kugeuka vizuri.

Land Rover ni vivyo hivyo. Magurudumu ya nyuma ndiyo ekseli ya mkokoteni. Magurudumu ya mbele ndiyo ng'ombe wako. Yale ya mbele ndiyo yanayogeuza gari. Mzigo ukining'inia nyuma sana, gari linainuka mbele. Magurudumu ya mbele yanakanyaga ardhi kwa wepesi. Kwenye matope hayashiki. Dereva anazungusha usukani, gari halisikii.

Tufanye hesabu. Chukua Land Rover ya aina ya 109. Namba hiyo ni inchi kutoka katikati ya gurudumu la mbele hadi katikati ya gurudumu la nyuma. Ni karibu mita 2 na sentimita 80. Sasa tuseme katikati ya mzigo wako iko mita 1 na sentimita 40 nyuma ya ekseli ya nyuma. Hiyo ni nusu ya ule urefu wa kwanza.

Weka hapo mzigo wa kilo 100. Magurudumu ya mbele yatapunguziwa nusu yake, yaani kilo 50. Magurudumu ya nyuma yatabeba zile kilo 100 za mzigo, na kilo 50 zilizotoka mbele. Jumla ni kilo 150.

Umeona? Umepakia kilo 100, lakini springi za nyuma zimebeba 150.

Sasa hesabu kosa langu. Magunia 3 ni kilo 300. Keria yenyewe ilikuwa kama kilo 25. Jumla ni kilo 325. Mbele palipungua zaidi ya kilo 160. Ni kama watu wawili wenye nguvu walikuwa wamesimama mbele ya gari wakiliinua, huku dereva anateremka mlima. Si ajabu tuliingia korongoni.

Basi shika neno hili la kwanza: mkia mfupi na mzigo mwepesi. Kila sentimita unayokaribisha mzigo kwenye gurudumu inakusaidia.

CHUNGUZA GARI KWANZA

Land Rover ilionyeshwa kwa watu mara ya kwanza mwaka 1948. Tangu hapo zile za zamani zimejengwa kwa namna moja. Bodi yake ni ya alumini, lakini chini kuna fremu ya chuma. Alumini ni laini. Usifunge keria kwenye bodi hata kidogo. Itachanika kama bati la debe. Keria lazima ishikwe na fremu.

Mwisho wa fremu, chini ya mlango wa nyuma, kuna chuma kilicholala kutoka kushoto hadi kulia. Hicho ndicho kinachoshika ndoano ya tela. Chuma hicho ni kama sanduku, kina uwazi ndani. Matope na maji huingia humo, na kutu hula kutoka ndani. Kwa nje unaweza kuona rangi nzuri, kumbe ndani pameoza.

Chukua nyundo ndogo. Gonga chuma hicho kila mahali. Kikilia kwa sauti kali, ni kizima. Kikilia kwa sauti butu, au nyundo ikiacha shimo, kimeoza. Usifunge keria. Badilisha chuma hicho kwanza.

Tazama pia tangi la mafuta. Land Rover nyingi ndefu zenye viti vya abiria zina tangi huko nyuma, karibu kabisa na chuma hicho. Cheche za kuchomelea zikifika hapo, mtapoteza gari na watu. Kwa hiyo kazi yote ya kuchomelea ifanyike chini, mbali na gari. Kwenye gari tutatumia boliti tu.

VITU VINAVYOTAKIWA

1. Paipu ya pembe nne yenye upana wa milimita 60 kwa 60, na unene wa milimita 4. Urefu sentimita 40.

2. Bamba la chuma lenye unene wa milimita 10.

3. Bamba la chuma lenye unene wa milimita 6, kwa ajili ya pembetatu.

4. Boliti za milimita 12 zenye namba 8.8 kichwani. Namba hiyo huonyesha boliti ni ngumu. Boliti isiyo na namba usiiamini kwa kazi hii.

5. Nati za kujifunga, ambazo hazilegei kwa mtikisiko.

6. Pini ya chuma ya milimita 16, pamoja na kipini cha kuizuia isichomoke.

7. Tupa, drili, futi ya kupimia, kamba na rangi ya kuzuia kutu.

KAZI HATUA KWA HATUA

Hatua ya 1: Tengeneza mfuko.

Keria nyingi kubwa za ng'ambo zina mkia wa pembe nne wenye upana wa inchi 2. Hiyo ni karibu milimita 51. Magari ya huko yana tundu la pembe nne la kupokea mkia huo. Land Rover zetu nyingi zina ndoano au kichwa cha duara cha kuvutia tela. Ndiyo sababu haviingiani.

Usikate ndoano yako. Tengeneza tundu jipya, tuliite mfuko. Ile paipu ya milimita 60 yenye unene wa milimita 4 ina nafasi ya milimita 52 ndani. Mkia wa milimita 51 utaingia vizuri. Lakini tazama ndani ya paipu. Kuna mshono uliovimba, pale kiwanda kilipoiunga. Usugue kwa tupa mpaka uishe. Ukiuacha, mkia utakwama nusu njia.

Hatua ya 2: Chomelea mfuko kwenye bamba.

Kata bamba la milimita 10 litoshe juu ya uso wa kile chuma cha nyuma cha gari. Chomelea mfuko katikati ya bamba, pande zote nne. Ongeza pembetatu kila upande ili mfuko usipinde. Hii yote ifanyike chini, mbali na gari.

Hatua ya 3: Funga bamba kwenye gari.

Toboa matundu 4. Boliti zipenye chuma chote, zitokee upande wa pili. Kumbuka chuma hicho kina uwazi ndani. Ukikaza boliti, kitabonyea kama kopo. Kwa hiyo kata vipande vya bomba dogo, uvitie ndani, kila boliti ipite katika bomba lake. Upande wa pili weka bamba jingine, ili nati zisizame.

Kisha weka miguu miwili ya chuma. Kila mguu utoke kwenye bamba, uende mbele mpaka kwenye fremu ya gari, mmoja kushoto na mmoja kulia. Ufungwe kwa boliti. Miguu hii ndiyo itakayozuia bamba lisipinduke mzigo unaporuka.

Hatua ya 4: Fupisha mkia.

Chomeka keria, pima. Mara nyingi mkia wa ng'ambo ni mrefu kuliko haja. Ufupishe mpaka kitanda cha keria kiwe karibu na gari, kibaki na nafasi ya sentimita 10 tu.

Je, tairi la akiba liko kwenye mlango wa nyuma? Linasukuma keria mbali. Lihamishe, ulifunge juu ya boneti. Land Rover nyingi zina mahali pake hapo. Utakuwa umefanya mambo mawili kwa pamoja. Umekaribisha keria, na umeongeza uzito mbele, pale unapotakiwa.

Hatua ya 5: Inua kitanda.

Keria ikikaa chini, itagonga kila korongo. Kata mkia karibu na kitanda. Simamisha hapo kipande cha paipu chenye urefu wa sentimita 15 hadi 20, kama shingo. Chomelea kila upande, halafu weka pembetatu za milimita 6 katika kila kona. Kona bila pembetatu huanza kupasuka polepole. Huoni, mpaka siku inakatika.

Hatua ya 6: Ondoa mchezo.

Mkia na mfuko vina nafasi ya milimita 1 kati yao. Usidharau milimita 1. Mwisho wa keria utacheza juu na chini zaidi ya hapo, na barabara yetu ina mashimo mengi. Mchezo huo utakula pini na kupanua tundu. Toboa tundu ubavuni mwa mfuko, chomelea nati hapo, tia boliti iukandamize mkia. Kaza mpaka keria itulie. Weka nati ya pili juu yake isilegee. Mkandamizo huu hauchukui nafasi ya pini. Vyote viwili viwepo.

KIPIMO CHA KAMBA

Sasa tuone kama keria itapita korongoni.

Egesha gari mahali pa tambarare. Shika kamba chini ya tairi la nyuma, pale linapogusa ardhi. Mwenzako aivute nyuma, aiinue mpaka iguse sehemu ya kwanza ya gari itakayokutana nayo. Kwanza fanya hivyo bila keria. Tazama mlalo wa kamba. Halafu chomeka keria, fanya tena.

Utaona kamba imelala zaidi. Maana yake ni hii: kingo za korongo zilizokuwa zinapitika zamani, sasa nyingine hazitapitika. Hata ukiinua kitanda, hutarudisha mlalo wote wa kwanza. Huo ni ukweli, dereva aujue. Akifika kwenye korongo lenye kingo kali, asimame. Wachomoe pini, washushe keria, waibebe kwa mikono mpaka ng'ambo. Watu wawili wanatosha ikiwa tupu. Ni kazi ya dakika chache, tena ni nafuu kuliko kupinda fremu.

TAA, NAMBA NA MOSHI

Kitanda cha keria kisizidi upana wa mita 1 na sentimita 20. Kikiwa kipana zaidi, kitaziba taa za nyuma. Usiku dereva mwingine hatakuona. Kama keria au mzigo unaziba namba ya gari, hamisha kibao cha namba, ukifunge nyuma ya keria mahali panaposomeka.

Sheria ya Usalama Barabarani ni ya mwaka 1973, na inahusu magari ya shamba na ya mjini pia. Kabla ya kuanza safari, mwonyesheni kazi yenu askari wa usalama barabarani, aikague. Msingoje awakute njiani.

Tazama pia bomba la moshi linatokea wapi. Moshi ni moto. Unaweza kuyeyusha dumu la plastiki au kuunguza gunia. Geuza mdomo wa bomba uelekee pembeni. Na petroli usiiweke kwenye keria ya nyuma kamwe. Gari likigongwa nyuma, ndiyo itakayogongwa kwanza.

KUJARIBU

Siku ya kwanza, chomeka keria tupu. Vuta, sukuma, tikisa kwa nguvu zako zote. Gari zima litikisike, lakini keria isicheze.

Siku ya pili, weka mzigo wa kilo 30. Endesha polepole kilometa 5. Simama. Tazama kila boliti. Ili uone kwa urahisi, chora mstari wa rangi kutoka kwenye nati mpaka kwenye bamba. Mstari ukiachana, nati imelegea. Kaza, ujaribu tena.

Siku ya tatu, weka mzigo wako kamili. Mzigo kamili ni kiasi gani? Kwenye lami tupu, keria nyingine zinaweza kubeba zaidi. Lakini mzigo unaporuka kwenye shimo, unarudi chini kwa kishindo. Kishindo hicho ni kizito kuliko mzigo wenyewe. Mimi, kwa barabara zetu za udongo, nimejiwekea kikomo cha kilo 60. Hayo ni madumu 3 ya maji ya lita 20, kwa sababu lita moja ya maji ni kilo moja. Gunia la maharage la kilo 100 limezidi.

Vitu vizito viwekwe upande wa gari, vyepesi viwe nje. Funga kwa kamba nzuri, funika kwa turubai. Baada ya kila safari, osha matope, tazama kona zilizochomelewa. Ukiona ufa mwembamba kama unywele, keria imekwisha kazi mpaka itengenezwe.

MTU AU MZIGO, CHAGUA MOJA

Sasa nafika kwenye neno kubwa la mwezi huu.

Land Rover nyingi hazina mlango mwingine kwa watu wanaokaa kwenye mabenchi ya nyuma, ila ule wa nyuma. Mlango huo unafunguka kwa kuzunguka kwenda nje. Keria yenye mzigo inauzuia. Hakuna boliti wala pembetatu inayoweza kubadilisha jambo hilo.

Basi kikundi kiweke sheria, kiiandike, kiibandike ndani ya gari:

1. Watu wakikaa nyuma, keria ichomolewe.

2. Mgonjwa akija, mzigo unashuka. Hakuna kujadiliana.

3. Keria si kiti. Konda wala kijana yeyote asisimame juu yake. Akianguka, gurudumu la gari linalofuata halitamwuliza jina.

4. Mzigo usizidi kipimo cha madumu 3.

5. Dereva akague pini kila anaposimama.

Hapo ndipo mtaona faida ya kutumia pini badala ya kuchomelea. Keria iliyochomelewa kwenye gari haitoki mgonjwa anapokuja usiku. Keria ya pini inatoka mara moja. Laiti ningalijua hivyo ujanani mwangu.

NA KAMA MZIGO NI MKUBWA?

Wakulima wa Endabash wanavuna mahindi, maharage na mbaazi. Huko Mang'ola wanavuna vitunguu. Mavuno hayo hayachukuliwi kwa keria ya nyuma. Keria ni ya vitu vidogo: madumu, jembe, spea, kifurushi cha mbegu.

Kwa magunia, tumia tela. Tela ina magurudumu yake, nayo hubeba uzito wake yenyewe. Ikipakiwa sawasawa, katika kila kilo 100 za tela na mzigo wake, ndoano ya gari inabeba kama kilo 10 tu. Zilizobaki zinabebwa na magurudumu ya tela. Ndiyo maana nilisema msikate ndoano.

Na kwa njia fupi kutoka shambani mpaka nyumbani, mkokoteni wa ng'ombe au wa punda bado ni rafiki mzuri. Hautaki dizeli. Mkitaka ushauri juu ya mikokoteni na zana nyingine, Arusha kuna CAMARTEC, kituo kilichoanzishwa mwaka 1981 kwa ajili ya zana za kilimo na ufundi wa vijijini.

MWISHO

Ndugu zangu wa Endabash, fanyeni kazi hiyo. Gari la kikundi ni mali ya jasho lenu, na keria itawafaa. Pimeni kabla ya kukata. Fupisheni mkia. Inueni kitanda. Punguzeni mzigo. Na ule mlango wa nyuma muuache wazi, kwa sababu hamjui ni mama wa nani atakayeuhitaji kesho.

Kwaherini mpaka mwezi ujao.

MANENO YA KUJIFUNZA

Ekseli: chuma kinachounganisha magurudumu ya kushoto na kulia.

Fremu: mifupa ya gari. Bodi hukaa juu yake.

Kutu: ugonjwa wa chuma unaoletwa na maji na hewa.

Mfuko: tundu la pembe nne linalopokea mkia wa keria.

Pembetatu: kipande cha chuma chenye pembe 3 kinachotia nguvu kona.

MASWALI YA KUJADILI DARASANI

1. Kwa nini usukani wa gari uliopakiwa nyuma sana huwa mwepesi? Eleza kwa mfano wa mkokoteni.

2. Mzigo wa kilo 40 umewekwa mita 1 na sentimita 40 nyuma ya ekseli ya Land Rover 109. Magurudumu ya mbele yatapunguziwa kilo ngapi? Springi za nyuma zitabeba kilo ngapi?

3. Kwa nini hatuchomelei karibu na tangi la mafuta? Tufanye nini badala yake?

4. Gari la kijiji chenu lina milango mingapi kwa watu wa nyuma? Nendeni mkalitazame leo. Je, mlango huo unafunguka?